Mfanyakazi Anapougua: Historia ya Pensheni katika Nchi ya Shaba

Mzee mmoja wa hapa Kakanda alitujia siku moja baada ya Misa, mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na kitabu chake cha kazi, yaani buku kama tusemavyo huku, na barua fupi ya mganga, na karatasi ya hesabu ya mwisho aliyopewa mwaka wa 1988 alipoachishwa kazi kwa sababu ya kifua. Akatuuliza: “Pesa nilizopokea siku ile, ndizo zilikuwa pensheni yangu, ama pensheni ni kitu kingine?”

Hatukuweza kumjibu papo hapo. Tulipotafuta tukaona kwamba swali lake lina historia ndefu, na kwamba wengi waliochimba na kuyeyusha shaba hawakupata mtu wa kuwaeleza jambo hilo.

Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Reli ilifika Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Watu wa kazi walitafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Lomami, Kasai, na tangu mwaka wa 1925 Ruanda na Urundi pia. Mkataba ulikuwa wa miezi michache tu. Kuhara, nimonia na homa ya matumbo ziliua watu wengi makambini, na mwaka wa 1918 ikaja influenza. Na yule aliyeugua asife? Alirudishwa kwao.

Hapo basi, pensheni ya mfanyakazi ilikuwa kijiji chake. Shamba la mke wake, mbuzi wa mjomba wake, watoto wa ndugu zake, hao ndio waliomlisha. Kwa mabwana wa kazi hesabu hiyo ilikuwa rahisi sana, maana mzigo wa mgonjwa ulibebwa na watu wasiowahi hata kuiona hiyo shaba.

Hesabu hiyo ilianza kuharibika miaka ya 1927 na 1928, kampani ilipochoka kutafuta watu wapya kila mara. Ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikawakaribisha wake, ikajenga nyumba, ikagawa posho kwa mke na watoto. Hospitali ikafunguliwa kwa mama wajawazito. Shule za makambini zikawekwa mikononi mwa wamisionari; tuseme kweli, Kanisa letu lilikuwa na sehemu yake kubwa katika utaratibu huo. Mtoto akazaliwa kambini, akasoma kambini, akaandikwa kazi kambini. Kijiji cha babu yake hakukijua ila kwa jina. Mtu wa namna hiyo akiugua, atarudi wapi? Tena nyumba aliyolala ilikuwa ya kazi: kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha.

Miaka ya 1930 hadi 1932 bei ya shaba ilianguka duniani, maelfu wakarudishwa kwao. Vita ya pili ikaleta kazi nyingi na vitu ghali. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waligoma Jadotville, yaani Likasi, na Élisabethville, wakidai mshahara. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, akauawa pamoja na watu wengi.

Sheria zilikuja baada ya vita. Ya mwaka wa 1949 ilihusu ajali za kazi na magonjwa yatokanayo na kazi kwa wafanyakazi Waafrika. Ya tarehe 6 Juni 1956 ilianzisha pensheni yao, ikaanza kutumika siku ya kwanza ya Januari 1957. Baada ya uhuru, sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliunganisha masanduku hayo pamoja na lile la posho ya watoto, kukawa na chombo kimoja kilichoitwa INSS. Posho hiyo ya watoto, kwa miaka mingi, ilitolewa na chombo hicho katika Katanga peke yake. Sheria ya Julai 2016 ilileta utaratibu mpya, na chombo hicho sasa kinaitwa CNSS.

Hapa twaomba msomaji asiende mbio, maana ndipo watu wengi hupotea. Mgonjwa ana milango miwili, nayo haifanani. Mlango wa kwanza ni wa ajali au ugonjwa uliotoka kazini. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, na mgonjwa haulizwi kama amefikia umri wa uzee. Mlango wa pili ni wa ugonjwa wa kawaida. Kwa kanuni ya kazi ya mwaka wa 2002, mgonjwa wa namna hii hulipwa na mwajiri theluthi mbili za mshahara wake, na kama hawezi kazi kwa miezi sita mfululizo, mwajiri ana ruhusa ya kuvunja mkataba. Hapo anayeona kwamba hataweza kazi tena anapaswa kuomba pensheni ya ulemavu. Pensheni hii inatoka katika Sanduku ambalo yeye na mwajiri wake walichangia wote wawili. Kwa muda mrefu kila mmoja alitoa asilimia 3.5 ya mshahara. Haitoki katika mfuko wa kampani.

Nani huamua mlango? Mara nyingi ni neno moja katika karatasi ya mganga. Vumbi la mawe huingia mapafuni polepole, na ugonjwa wake, silikosi, waweza kuonekana miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Tena mapafu yaliyoharibiwa hivyo hushikwa upesi na kifua kikuu. Mganga akiandika “kifua kikuu” tu, bila kuuliza mtu huyu alifanya kazi gani na kwa miaka mingapi, mlango wa kwanza waweza kufungwa pasipo mgonjwa kujua kwamba ulikuwapo.

Nasi twadhani kosa lingine lilitoka katika wema wenyewe wa makambi. Unga ulitoka kwa kampani, na dawa, na shule, na sanduku la maiti. Mtu angejuaje kwamba pensheni peke yake haitoki huko? Union Minière ilipotaifishwa siku ya kwanza ya mwaka wa 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, desturi hiyo iliendelea vilevile, na watu waliendelea kusema “kampani itanitunza”.

Hata wale waliopata pensheni yao sawasawa, fedha iliwasaliti. Zaire ilipozaliwa mwaka wa 1967, moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mwaka wa 1993 zaire milioni tatu zikageuzwa kuwa zaire mpya moja. Mwaka wa 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja ya Kongo. Fanyeni hesabu: franka moja kwa zaire bilioni 300 za zamani. Aliyekadiriwa pensheni kwa zaire na kiasi chake kisipandishwe, alibaki na namba tu.

Kisha ukaja mwaka wa 2003. Gécamines ilikuwa imeanguka, mishahara ya miezi mingi haikulipwa. Kwa fedha ya Benki ya Dunia wafanyakazi 10,655, wenye miaka 25 ya kazi na zaidi, walitolewa katika kile kilichoitwa “kuondoka kwa hiari”. Wengi walilia kwamba hesabu yao ilipunjwa, na mwaka wa 2009 malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia yenyewe. Fedha ile ilikuwa hesabu ya kuacha kazi. Pensheni ilibaki jambo la kando, la kudaiwa kwingine.

Basi mzee wetu alipata jibu lake: pesa za mwaka wa 1988 hazikuwa pensheni. Alinyamaza kitambo, kisha akasema mke wake alikufa akiamini kwamba walikula pensheni yote katika mwezi mmoja. Tukalifungua buku. Namba yake ya Sanduku imo, na miaka ya kazi imo, ingawa ukurasa mmoja umeliwa na mchwa. Kwa umri wake anaweza sasa kuomba pensheni ya uzee, kama michango ya miaka inayotakiwa ilifika kweli. Mlango wa ugonjwa wa kazi ni mgumu zaidi, maana barua ya mganga inasema “kifua” tu, haitaji vumbi wala siku ugonjwa ulipoanza. Mganga aliyeiandika alifariki zamani. Juma lijalo tutakwenda naye Likasi kuuliza kama daftari za hospitali za miaka ile bado zipo.