Kaya Kabla ya Kuwa Msitu

Vipeperushi vya watalii huzieleza kaya za Wamijikenda kama misitu iliyokuwa mitakatifu tangu mwanzo wa dunia: miti mirefu, kimya kizito, mizimu, na wazee wachache waliojifunga kaniki. Maelezo hayo yanapendeza, lakini historia haiyaungi mkono. Kaya zilikuwa miji. Watu walizaliwa humo, wakapika, wakagombana, wakaamuliwa, wakatupa majivu na vigae vya vyungu nyuma ya nyumba zao.

Ushahidi umo katika kazi isiyosomwa inavyostahili: tasnifu ya mwanaakiolojia Mkenya Henry Mutoro, aliyoikamilisha mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mutoro alichunguza ardhi ya kaya zenyewe na kukuta dalili za makazi ya kale kuliko karne ya 16, tarehe inayokaririwa hadi leo katika maelezo rasmi. Katika miaka ya 1990, Richard Helm aliongeza ushahidi kwamba bara ya pwani ya Kenya ilikuwa na wakulima na wafua chuma tangu milenia ya kwanza. Hapo ndipo ugomvi juu ya asili ya Wamijikenda ulipokolea. Thomas Spear, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu kaya, alikuwa ameyapokea masimulizi ya wazee kwamba Wamijikenda walihama kutoka Singwaya, kaskazini. Wengine wakaona Singwaya ni hadithi iliyokuzwa baadaye ili kuyaunganisha makabila tisa ya Wamijikenda.

Wazee wanastahili subira zaidi ya hiyo. Koo chache zingeweza kushuka kutoka kaskazini na fingo zao, yaani kago la kuulinda mji, zikawakuta wenyeji na kukaa nao; vigae vya Mutoro havimkanushi mzee anayesimulia safari ya babu zake. Kinachokanushwa ni dhana ya msitu usiowahi kukaliwa na mtu.

Kaya ilikaa katikati ya msitu, mara nyingi juu ya kilima, na njia zake zilipita kwenye malango. Miti iliachwa kwa sababu ilizuia adui. Mahali palipofukiwa fingo hapakuguswa ovyo. Makaburi nayo yalikuwa na heshima yake. Moro, baraza la wazee, ilikuwa katikati ya kaya, na kesi za mbuzi na mahari zilisikilizwa hapo hapo palipofanywa maombi ya mvua. Kilicho kitakatifu na kilicho cha kila siku vilitenganishwa kwa hatua chache tu. Ni pale watu walipotawanyika kwenda mashambani, hasa katika karne ya 19, ndipo mji mzima ulipogeuka mahali pa mababu.

Kaya Fungo ya Wagiriama, mojawapo ya makabila hayo tisa, ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilimpeleka ofisa wake Arthur Champion kwa Wagiriama, akusanye kodi na kuwatoa vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Wakati huo wengi walikuwa wamekwishahama kaya, wengine wakilima hata ng'ambo ya mto Sabaki. Hata hivyo, mwaka uliofuata Mekatilili wa Menza, mjane asiye na cheo serikalini, na mwenzake Wanje wa Mwadorikola waliwarudisha watu kaya. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi, kilichoogopwa kuliko vyote: asiwepo wa kuwatumikia Wazungu.

Amri za Champion zikakosa wa kuzitii. Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa na kupelekwa Kisii, magharibi kabisa ya nchi. Wakatoroka na kurudi kwao. Tarehe 4 Agosti 1914, siku Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Vita na Wagiriama vikafuata. Wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, na walioshindwa wakatozwa faini na kudaiwa vibarua.

Wapo wanaoendelea kuliita tukio hilo vita dhidi ya ushirikina. Maelezo hayo hayafai kurudiwa. Serikali isiyoamini nguvu ya kiapo isingepoteza baruti juu ya mji uliokuwa karibu mtupu. Waingereza walitambua kwamba Kaya Fungo ilikuwa bunge, mahakama na madhabahu kwa pamoja, na ndiyo maana wakaibomoa. Wagiriama nao walijibu kwa namna inayoeleweka kwa yeyote aliyezisoma kaya kama miji: Mekatilili na Wanje, waliokuwa wamekamatwa tena na kuhamishwa, waliporejea mwaka 1919, walikwenda kuishi kaya.

Miongo iliyofuata yaweza kupitwa haraka. Kufikia miaka ya 1940 kaya hazikuwa tena makazi. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziweka baadhi katika Urithi wa Dunia. Ulinzi huo una manufaa, ingawa ule wa serikali haukuzuia hoteli kujengwa katika miaka ya 1990 kwenye kisiwa cha Chale, penye kaya ya Wadigo, nao Wamijikenda, wazee wao wakipinga. Lakini sheria inayoona miti peke yake haimwoni mlinzi wa miti hiyo. Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mvi zilizowaponza ndizo zilizomstahilisha mtu kukaa moro.

Makumbusho ya Taifa na serikali za kaunti za Kilifi na Kwale zina wajibu ulio wazi: matokeo ya Mutoro yachapishwe kwa Kiswahili, yawekwe kwenye malango ya kaya na katika shule zilizo jirani, na wazee walindwe kwa bidii ileile inayotumika kuilinda miti.