Uharamia wa vitabu vya michezo ya mezani ya uigizaji

Uharamia huu ni kunakili na kusambaza bila idhini vitabu vya kanuni za michezo kama Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Siku hizi hufanyika zaidi kwa faili za PDF. Mchezo huchezwa na kundi, na mara nyingi mmoja hununua kitabu, wenzake wakakisoma hapo hapo mezani. Faili imepanua kuazimana huko hadi kwa watu wasiojuana.

Mgogoro mkubwa ulizuka Aprili 2009. Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, waliwashtaki watu wanane kwa kusambaza Player's Handbook 2 mtandaoni, kisha wakaondoa sokoni PDF zao zote, hata za vitabu vya zamani visivyochapwa tena. Walioumia ni wanunuzi waaminifu: nakala za wizi ziliendelea kuzunguka, za halali zikatoweka. Mauzo ya PDF yalirejea mwaka 2013.

Wachapishaji wengine walishika njia ya busara zaidi. Mwaka huohuo wa 2009, kampuni ya Paizo iliuza PDF ya kitabu kikuu cha mchezo wake wa Pathfinder, chenye kurasa zaidi ya 500, kwa dola 9.99 tu. Waandishi wa mchezo wa Eclipse Phase walitumia leseni ya Creative Commons iliyoruhusu wachezaji kugawiana faili bure, mradi wasifanye biashara. Nao mpango wa Bits & Mortar humpa anayenunua kitabu cha karatasi katika duka linaloshiriki PDF yake bila malipo, hivyo muuza duka naye hubaki na mteja wake.