Kushusha Pikipiki: Kimo Kipungue, Mneso Ubaki

Ukimwambia fundi akushushie pikipiki, atakuelewa papo hapo: miguu yako haifiki chini sawasawa, nawe unataka kiti kisogee karibu na ardhi. Huku Nyaramba, katika milima ya Nyamira, ombi hilo si la urembo. Barabara zinapanda na kushuka, udongo mwekundu unateleza mvua ikinyesha, na nyuma ya dereva kuna abiria au gunia la majani chai. Mwendesha bodaboda anayegusa chini kwa ncha za vidole anaweza kuangusha pikipiki na mteja hata kabla ya kuondoka. Kwa hiyo anastahili kusaidiwa. Shida ni kwamba neno "kushusha" limebeba kazi mbili zisizofanana, na fundi akishika isiyofaa, dereva hupata kiti cha chini na pikipiki ya hatari.

Tuanze na kile kinachoshushwa. Kati ya magurudumu na fremu kuna springi na shokomzoba, ambayo gerejini huitwa shokapu. Springi hubeba uzito. Mafuta yaliyo ndani ya shokapu, yakisukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, huituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Mbele kazi hiyo hufanywa na foko, yaani mabomba mawili yenye springi na mafuta ndani yake. Nyuma, katika pikipiki nyingi za bodaboda, kuna shokapu mbili, moja kila upande.

Mfumo huu mzima ndio suspensheni. Kwa Kiswahili napendekeza tuuite mneso, kutokana na kunesa: kupinda kwa uzito kisha kurudi, kama tawi la mpera ndege anapotua na kuruka. Neno hili linataja kazi inayofanyika, wala halifungwi na kifaa kimoja. Tukilikubali, mengine yanafuata kwa urahisi. Umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka ni urefu wa mneso. Kiasi ambacho pikipiki huzama watu wakishapanda ni mdidimio. Urefu wa kiti kutoka ardhini ni kimo cha kiti.

Hapo ndipo kazi zile mbili zinapotengana. Dereva mfupi anahitaji kupunguziwa kimo cha kiti. Hahitaji kupunguziwa mneso, kwa maana mashimo ni yale yale kwa mfupi na kwa mrefu.

Chukua mfano wa gurudumu la nyuma lenye mneso wa sentimita 10. Dereva na abiria wakipanda, pikipiki inadidimia sentimita 5, na zinabaki 5 za kumeza shimo. Fundi akiweka shokapu fupi zenye springi za ugumu uleule, zikapunguza mneso kwa sentimita 3, zinabaki 2 tu. Jiwe la kwanza litafikisha shokapu mwisho, na pigo litaishia mgongoni mwa abiria. Tena kiti hakitashuka sentimita 3 kamili, kwa kuwa kiko katikati ya magurudumu mawili na ni upande mmoja tu ulioshushwa.

Ndiyo maana kazi ianzie kwenye kiti. Sponji ipunguzwe unene, na zaidi ya hapo ikatwe upana sehemu ya mbele, ili mapaja yakaribiane na miguu ishuke wima. Mneso hauguswi hata kidogo.

Njia ya pili ni kulegeza springi za nyuma kwa kuzungusha pete ya shokapu. Ni rahisi na haina gharama, lakini inaongeza mdidimio, kwa hiyo inakula mneso uleule tunaoulinda. Kwa anayebeba abiria na mizigo kutwa, haifai.

Njia ya tatu ni kupandisha mabomba ya foko ndani ya vishikio vyake, milimita 10 hivi. Ukishusha mbele peke yake kupita kiasi, usukani unakuwa mwepesi mno na pikipiki inayumba kwenye mwendo wa kasi. Ukishusha nyuma peke yake, mbele panapoteza uzito na taa inamulika machoni mwa wanaokuja. Pande zote mbili zishuke kwa kiasi kinacholingana, kisha ihakikishwe kwamba tairi haligusi madigadi foko ikibonyea hadi mwisho.

Pikipiki ikishashuka, stendi ya pembeni inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa. Pikipiki inasimama karibu wima na kusukumwa kidogo tu kunaiangusha. Bomba la moshi na tumbo la injini vinasogelea mawe. Mkazo wa cheni nao upimwe na kurekebishwa upya.

Kabla ya spana kushikwa, pima. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye fremu juu yake. Iteremshe, panda pamoja na abiria wa uzito wa kawaida, na mtu wa tatu apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mdidimio wako. Ukiona umefika nusu ya mneso wote, usiguse nyuma, tengeneza kiti.

Dereva naye ana sehemu yake. Kwenye mwinuko, mguu wa kulia ukae kwenye breki ya nyuma, na wa kushoto ukanyage chini kwa wayo mzima, makalio yakiwa yamesogea upande huo. Mguu mmoja uliokanyaga vizuri unazidi miwili inayogusa kwa vidole. Basi ukienda gerejini, mweleze fundi kwa maneno yasiyomchanganya: nipunguzie kimo cha kiti, mneso uuache ulivyo.