Rushwa katika ofisi za umma Uganda: sheria inasema nini, na mkazi wa Kasubi anaweza kufanya nini

Juu ya kilima cha Kasubi, kaskazini magharibi mwa jiji la Kampala, yapo Masiro walimozikwa Kabaka wanne wa Buganda. Chini yake, kando ya barabara iendayo Hoima, maisha ni yale ya kawaida ya jiji: soko, vibanda, shule, zahanati na waendesha bodaboda wanaosubiri abiria. Mkazi wa hapa huihitaji serikali mara nyingi kuliko anavyopenda. Huihitaji anapotafuta kitambulisho cha taifa, leseni ya duka au cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na huihitaji usiku anapokwenda kituo cha polisi kumtoa ndugu yake aliyekamatwa.

Akifika ofisini hukuta fomu zimeandikwa kwa Kiingereza, na mazungumzo ya foleni yanaendeshwa kwa Kiganda. Ikiwa lugha anayoimudu ni Kiswahili, kama ilivyo kwa wengi waliotoka mashariki ya Kongo, wafanyabiashara wa mipakani, na askari wastaafu pamoja na jamaa zao, basi mara nyingi hujitokeza mtu wa tatu. Huyo ni kijana aliyesimama karibu na lango, ajuaye fomu ipi ijazwe na ipelekwe kwa karani yupi. Huomba fedha kidogo kwa ajili ya kazi yake, na kidogo zaidi za kupeleka ndani. Mteja hawezi kujua kama hizo za ndani zinafika, wala kama huduma aliyoifuata ilipaswa kulipiwa hata shilingi moja.

Uganda haina upungufu wa sheria dhidi ya rushwa. Wachunguzi wengi wa mambo hukubali kwamba vitabu vyake vya sheria vimekamilika kuliko vya mataifa mengi ya Afrika. Tatizo ni kwamba yaliyomo humo hujulikana zaidi na aliyeketi ndani ya dirisha kuliko aliyesimama nje.

Neno moja, makosa mengi

Sisi tunaotafsiri habari hukutana na ugumu huu karibu kila wiki. Kiganda kina neno enguzi, ambalo hubeba karibu kila uovu wa ofisini. Kiswahili kina rushwa na ufisadi, yote mawili kutoka Kiarabu. Kina mlungula, na kina hongo, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa ushuru waliotozwa wasafiri wa misafara na watawala wa nchi walizopita. Maana hiyo ya kulipa ili upite bado haijatoka mbali. Mitaani tunaongeza chai na kitu kidogo, maneno ya upole yanayomfanya mtoaji aone kama amekirimu mgeni.

Sheria haina upole huo. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1970, inayatenganisha makosa. Kupokea au kuomba hongo ni kosa, na kuitoa ni kosa vilevile. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10. Matumizi mabaya ya madaraka, yaani afisa kutenda jambo la kiholela linalomwumiza mwajiri wake au mtu mwingine, yana kifungo kisichozidi miaka 7. Ubadhirifu wa mali ya umma na kosa la kuisababishia serikali hasara vina kifungo kisichozidi miaka 14. Kisha lipo kosa la kujitajirisha isivyo halali: afisa mwenye mali au maisha yasiyolingana na kipato chake hutakiwa aeleze alivyoyapata.

Hakimu anaweza pia kutoza faini badala ya kifungo, au vyote viwili. Faini hizo zimewekwa kwa vipimo ambavyo kila kimoja ni shilingi 20,000, hivyo kiwango cha juu kwa kosa la hongo, vipimo 240, ni shilingi milioni 4.8. Kwa karani wa ngazi ya chini hizo ni fedha nyingi. Kwa mtu aliyejichotea mabilioni, ni sawa na bei ya simu kadhaa. Bunge lilijaribu kuliziba pengo hilo mwaka 2015 kwa marekebisho yanayoitaka mahakama itaifishe mali ya aliyepatikana na hatia.

Ilivyoanza

Waganda wenye umri mkubwa watakukumbusha neno jingine la Kiswahili lililoingia katika lugha zao zote: magendo. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, bidhaa ziliadimika, bei zikapanda bila breki, na mshahara wa mtumishi wa serikali ukapoteza thamani hadi haukuweza kulisha familia mwezi mzima. Mtu aliendelea kwenda ofisini kwa sababu ofisi ilimpa muhuri, kibali au ufunguo wa ghala, vitu ambavyo vilikuwa na bei nje. Tabia hiyo haikuondoka na Amin.

Serikali iliyoingia madarakani Januari 1986 iliitaja vita dhidi ya rushwa katika hoja ya saba ya mpango wake wa hoja kumi, na mwaka huo huo ikaanzisha ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali, ijulikanayo kwa herufi IGG. Wa kwanza kuishika alikuwa Augustine Ruzindana. Katika miaka ya 1990 utumishi wa umma ulipunguzwa kutoka watu wapatao 320,000 hadi karibu nusu yake, kwa matumaini kwamba wachache watalipwa vizuri na hivyo hawatashawishika. Mishahara ilipanda, ingawa haikupanda kwa wote kwa kiasi kimoja. Hata mwaka 2022, walimu wa masomo ya sanaa waligoma baada ya wenzao wa sayansi wenye shahada kupandishiwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi.

Katiba ya 1995 iliipa ofisi ya IGG sura yake yenyewe. Inspekta Mkuu huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge, kwa kipindi cha miaka minne kinachoweza kurudiwa mara moja. Anaweza kuchunguza, kukamata na kushtaki bila kungoja ruhusa ya mtu, na hupaswa kutoa taarifa bungeni walau kila baada ya miezi sita. Hawezi kuingilia jambo lililoko mahakamani wala kupinga hukumu iliyokwisha kutolewa. Wengi wanaokwenda kwake na kesi za ardhi zilizoamuliwa hurudi wamekata tamaa kwa kutolijua hilo.

Pembeni yake yupo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake hufika bungeni kila Desemba. Kuna Kitengo cha Kupambana na Rushwa cha Mahakama Kuu, kilichoanza kazi mwishoni mwa 2008. Lipo Baraza la Kanuni za Uongozi, lililoapishwa mwaka 2020 kuwashughulikia viongozi wasiotangaza mali zao. Na tangu Desemba 2018 kipo kitengo cha Ikulu chenye kazi inayofanana sana na ya IGG. Mwananchi akiuliza aende wapi kati ya hao wote, swali lake lina haki.

Mabilioni na mabati

Kesi iliyoitikisa nchi zaidi ilifichuliwa Oktoba 2012. Ukaguzi maalumu ulionyesha kwamba mabilioni ya shilingi, fedha za wafadhili zilizotengwa kuijenga upya Uganda ya kaskazini baada ya vita vya kundi la LRA, yalihamishwa ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland, Norway, Denmark, Sweden na Uingereza zilisimamisha misaada, na Uganda ikalazimika kuirudishia Ireland euro milioni 4. Juni 2013 aliyekuwa mhasibu wa ofisi hiyo, Geoffrey Kazinda, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa makosa yaliyojumuisha kughushi. Mashtaka mengine dhidi yake yaliendelea kwa miaka, hadi kufika Mahakama ya Katiba kwa hoja kwamba mtu hashtakiwi mara mbili kwa jambo moja.

Novemba 2016 ikafuata hukumu ya maafisa watatu wa Wizara ya Utumishi wa Umma, akiwemo aliyekuwa Katibu Mkuu wake, kuhusiana na shilingi bilioni 88.2 za malipo yaliyoingizwa katika bajeti bila kustahili. Wizara hiyo ndiyo inayosimamia maadili ya watumishi wengine wote. Mwaka 2023 mawaziri watatu walifikishwa mahakamani kwa sababu ya mabati yaliyokusudiwa watu wa Karamoja.

Ofisi ya IGG ilikadiria mwaka 2021 kwamba rushwa huigharimu Uganda zaidi ya shilingi trilioni 9 kwa mwaka. Katika orodha ya shirika la Transparency International ya mwaka 2024, nchi ilipata alama 26 kati ya 100 na kuwa ya 140 kati ya mataifa 180. Julai mwaka huo polisi waliwakamata makumi ya vijana waliojaribu kuandamana hadi bungeni kupinga rushwa.

Shule zilizopata senti 13

Tukio linalofundisha zaidi, kwa maoni yangu, halina mshtakiwa hata mmoja. Mwaka 1996 watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walizipitia hesabu za shule za msingi 250 nchini Uganda. Walitaka kujua ruzuku ambayo serikali kuu ilituma kwa kila mwanafunzi ilifika kiasi gani. Waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotumwa, shule zilipokea wastani wa shilingi 13. Shule nyingi hazikupata chochote. Fedha zilikuwa zikiishia katika ofisi za wilaya, na walimu wakuu wengi hawakujua hata kwamba walistahili kuzipata.

Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Shule zilizokuwa karibu na wauza magazeti zilifaidika zaidi kuliko zilizokuwa mbali. Wachambuzi wengine baadaye walitahadharisha kwamba magazeti hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa wakati huohuo elimu ya msingi bila ada ilikuwa imeanza na wafadhili walikuwa wakifuatilia hesabu kwa karibu. Tahadhari hiyo ni ya haki. Hata hivyo hakuna aliyekanusha kwamba mwalimu anayejua stahili yake humsumbua afisa wa wilaya kuliko asiyeijua.

Sasa rudi Kasubi. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia tena kukitumia kama lugha rasmi. Tangazo la ada kwa Kiswahili ukutani, hata hivyo, bado ni jambo la nadra jijini. Kwa msomaji wa Kiswahili, gazeti lile la wauza magazeti bado liko mbali.

Mbele ya dirisha

Yapo mambo machache yanayofaa kujulikana kabla ya kufungua pochi. Dhamana ya polisi ni bure, na kauli hiyo imebandikwa kwa Kiingereza katika vituo vingi. Kuandikishwa kwa mara ya kwanza kupata kitambulisho cha taifa ni bure. Anayelipa ni yule aliyepoteza chake na kuomba kingine. Ada halali za serikali na za Mamlaka ya Jiji la Kampala hulipwa benki au kwa simu, kwa kutumia namba ya malipo itolewayo na mfumo, na si mkononi mwa karani. Asiyekupa namba hiyo hakutozi ada ya serikali.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko katika ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Ukiomba orodha ya ada kwa maandishi, hata kwa ukurasa mmoja ulioandikiwa na mtoto wa shule, karani hulazimika kufikiri mara mbili.

Sheria ya kuwalinda wafichuaji ya mwaka 2010 humlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, na inamwahidi asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa kutokana na taarifa yake. Ulinzi huo una mpaka ambao wasikilizaji wetu hawana budi kuujua, kwa kuwa wengi hutupigia sisi kwanza. Taarifa hulindwa inapopelekwa kwa wale waliotajwa na sheria, wakiwemo IGG, polisi, Mkurugenzi wa Mashtaka na Tume ya Haki za Binadamu. Waandishi wa habari hawamo katika orodha hiyo. Andika kwanza tarehe, jina la ofisi, kiasi kilichodaiwa na aliyekuwepo, upeleke huko, nawe ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.