Mchezo usio na mpinzani, refa ni nani?

Hapa Kombewa tuna ajua. Wawili wanakaa, mashimo yako katikati, mbegu ziko mkononi. Sheria tumerithishwa kwa mdomo. Ukidanganya hesabu, mwenzako anapiga kelele papo hapo. Mpinzani ndiye refa, maana yeye ndiye anayeumia.

Sasa chukua Arkham Horror. Richard Launius aliubuni, Chaosium wakautoa Marekani mwaka 1987. Wachezaji wote wako upande mmoja. Adui ni mazimwi na mchezo wenyewe. Sheria ikiwa na utata, nani atabisha? Kila aliye mezani anafaidika na tafsiri ile ile rahisi. Ubao hauna mdomo.

Toleo la Fantasy Flight la 2005 lilikuja na mamia ya kadi, na kadi nyingi zinageuza sheria kidogo. Waprogramu tunaijua hesabu hii: kadi 2 zikikutana, swali jipya limezaliwa. Kampuni ikatoa waraka wa maswali na majibu.

Mwaka 2016 ukaja Arkham Horror wa kadi, na kanuni moja kali: mkikosa jibu, chagueni tafsiri iliyo mbaya zaidi kwenu wakati huo, kisha mwendelee. Mpinzani aliyekosekana akarudishwa kwa sentensi moja!

Ndugu waprogramu, tunapoandika mfumo wa kuhesabu pesa za chama, mara nyingi kila aliye ofisini anaitaka tarakimu ile ile nzuri. Tuulize kwanza: nani ataumia hapa, na je, yuko mezani? Kama hayuko, kodi yetu imtetee.