Uzibaji wa meno, kushika kwa dawa
Kushika kwa dawa ya kuziba jino ni uwezo wake wa kukaa kwenye kuta za tundu bila kuacha upenyo. Upenyo ukibaki, mate na bakteria hupita na jino huoza upya chini ya dawa.

Amalgamu, yenye zebaki, haishikamani na jino. Hubanwa na umbo la tundu, na kutu yake huziba upenyo taratibu. Resini hupungua ujazo kwa takriban asilimia 2 hadi 3 inapokuwa ngumu, na hushika vizuri pale tu jino lisipolowa mate. Saruji ya glasi-ayonoma, iliyotangazwa Uingereza na Wilson na Kent mwaka 1972, huungana kikemia na kalsiamu ya jino na kutoa floraidi, ingawa huchakaa mapema.

Tanzania ina nafasi yake hapa: ndiko ulikoanzia, katikati ya miaka ya 1980, utaratibu wa kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila umeme. Baadaye saruji ya glasi-ayonoma ndiyo iliyokuwa dawa yake kuu.