Winter's Tale (filamu ya 2014)

Winter's Tale, filamu ya Marekani iliyoongozwa na Akiva Goldsman na kutolewa Februari 2014, ilipondwa na wahakiki wengi. Watetezi wake huweza kudai kwamba wahakiki hudharau mapenzi yaliyochanganywa na miujiza. Lakini Ghost ya 1990, yenye mchanganyiko huohuo, iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Kasoro, basi, imo katika usimulizi. Riwaya ya Mark Helprin ya 1983 ambayo filamu inatokana nayo, yenye kurasa zaidi ya 600, ilibanwa ndani ya takribani saa mbili, hata farasi mweupe arukaye na Lusifa anayeigizwa na Will Smith wanazuka ghafla, huku kanuni za ulimwengu wao hazijajengwa. Colin Farrell na Jessica Brown Findlay wanaigiza mapenzi kwa dhati, jambo linalostahili sifa, ila mtazamaji anatakiwa aamini muujiza ambao hakuandaliwa kuupokea.